Mashine ya kutotolesha ya mayai 528: tathmini kwa anayefikiria kuacha ajira

Ingia duka la vifaa vya ufugaji Kariakoo, sema unataka kuacha kazi ufanye biashara ya vifaranga, na mara nyingi utasimamishwa mbele ya kabati jeupe lenye trei sita, matundu 88 kila trei. Mayai 528. Usoni mwa kabati kuna kontrola, nyingi zikiwa za aina ya XM-18. Stika ya jina hubadilika duka kwa duka, lakini ukifungua mlango unakuta vitu vilevile kutoka China: hita, feni, beseni la maji chini, mota ndogo ya kugeuza mayai, na nyaya mbili za sensa, moja ya joto na nyingine ya unyevu.

Hukumu yetu tuitoe mapema, maana mtu anayetaka kumwaga akiba yake hapo hahitaji kuzungushwa. Mashine inafanya kazi. Ikitunzwa na kupewa mayai mazuri, inatotoa asilimia 80 ya mayai yenye mbegu, wakati mwingine zaidi, na kwa chombo cha kuwekwa chumbani hilo ni jambo kubwa. Lakini mashine moja ya ukubwa huu, ikiendeshwa kwa mayai ya kununua, haifikii hata nusu ya mshahara wa mtu mwenye familia. Muuzaji akikuzidishia 528 kwa bei ya kifaranga kwenye kalkuleta ya simu, anakuonyesha namba ambayo haipo popote duniani.

Dukani

Usinunue ikiwa imezimwa. Omba iwashwe ikiwa tupu na ibaki hivyo saa 24. Duka linalojiamini halitakataa. Siku ya pili nenda na vipimajoto vitatu vya kawaida, uviweke trei ya juu kushoto, ya katikati, na ya chini kulia karibu na mlango. Funga, subiri saa moja, soma. Tofauti ya nyuzi 0.3 ni nzuri sana, 0.5 inavumilika. Ikifika nyuzi 1, iache, hata kama bei imeshushwa, kwa sababu pembe yenye joto itakutotolea siku ya 20 na pembe yenye baridi siku ya 22, na wewe utakuwa unafungua mlango siku tatu mfululizo katika wakati ambao mlango hautakiwi kufunguliwa kabisa.

Mlango nao una kipimo chake. Bana kipande cha karatasi kwenye mpira wa mlango, funga, vuta. Kikitoka bila upinzani, hewa inavuja hapo. Zunguka mlango mzima hivyo hivyo.

Halafu uliza vikapu vya kutotoleshea viko vingapi. Hili ndilo watu wengi wanalisahau. Trei zinazogeuka si mahali pa kifaranga kuanguliwa. Siku ya 18 mayai huhamia kwenye vikapu bapa visivyogeuka. Kabati nyingi zinazouzwa kama "mbili kwa moja" zina nafasi ndogo ya vikapu chini kabisa, kwa hiyo namba 528 ni ya kuatamia, si ya kutotoa kwa siku moja. Na idadi hiyo imehesabiwa kwa mayai ya ukubwa wa wastani. Mayai ya kienyeji ya gramu 40 hadi 45 yanacheza kwenye matundu. Mayai makubwa ya bata hayakai vizuri, utapunguza idadi.

Kama unaishi mahali umeme unakatika kila wiki, usiidharau kabati ya mbao inayotengenezwa na mafundi wetu, wakiwemo wa mitaa ya SIDO (shirika la viwanda vidogo). Plywood ya milimita 18 yenye tabaka la sponji au styrofoam katikati inashika joto muda mrefu kuliko plastiki nyembamba, na kila kilichomo kinatengenezeka na fundi umeme wa mtaani. Ubaya wake ni kwamba mbao hunywa maji na uchafu wa mayai yaliyopasuka, na baada ya mizunguko kadhaa inakuwa makazi ya vijidudu usivyoweza kuviosha. Tungepewa kuchagua, tungeatamia kwenye mbao siku 18 za kwanza na kutotolesha kwenye kabati dogo la plastiki linaloweza kuoshwa kwa maji ya sabuni na dawa kila baada ya mzunguko.

Kuipima kabla ya yai la kwanza

Kontrola hizi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa nyuzi 37.8 na kugeuza mayai kila baada ya dakika 120. Mipangilio hiyo ni sahihi kwa mashine yenye feni. Popote kati ya 37.5 na 37.8 ni salama. Tatizo ni kwamba namba kwenye kioo inaweza kuwa ya uongo. Nunua kipimajoto cha homa cha dijitali, kiweke kando ya sensa, soma mara tano kwa nyakati tofauti. Kikisema 38.4 wakati kioo kinasema 37.8, rekebisha kwenye menyu ya kontrola. Nusu nyuzi unaiona ndogo, lakini kwa siku 21 inabadilisha kila kitu.

Kipimo cha unyevu pia kinahakikiwa nyumbani, na hakihitaji fundi. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito bila kuyeyuka. Iweke pamoja na kipimaunyevu kidogo ndani ya mfuko wa plastiki, ufunge usiingie hewa, subiri nusu siku. Ndani ya mfuko huo unyevu utakuwa asilimia 75. Kipimo kikisoma 68, ujue kinapungua 7, na utumie hicho kuikagua ile sensa ya mashine.

Unyevu unaotakiwa ni asilimia 50 hadi 55 kwa siku 18 za kwanza, kisha 65 hadi 70 siku tatu za mwisho. Hapa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hewa yenyewe imelowa, na kosa la kawaida ni kujaza beseni muda wote kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Dodoma na Singida wakati wa kiangazi ni kinyume, beseni linakauka ndani ya siku. Kwa hiyo ushahidi bora kuliko sensa yoyote ni mzani wa jikoni. Pima trei ikiwa na mayai siku ya kwanza, toa uzito wa trei tupu. Mayai 88 ya gramu 50 ni kilo 4.4, kufika siku ya 18 yanatakiwa yawe yamepoteza gramu 530 hadi 570 za maji. Yamepoteza 350 tu? Ndani kuna unyevu mwingi na vifaranga watazama kwenye maji yao. Yamepoteza 700? Watakaukia ndani ya utando.

Tumia maji ya mvua. Maji ya kisima chenye chumvi hujenga magamba kwenye hita ya beseni na boya linakwama.

Umeme

Mashine hii inatumia wati 200 hadi 300 hita ikiwa imewaka, lakini hita huwaka na kuzima, kwa hiyo wastani ni kama wati 150. Hiyo ni uniti 3.6 kwa siku, karibu uniti 76 kwa siku 21. Kwa bei ya kawaida ya LUKU ya takribani Sh 356 kwa uniti, mzunguko mmoja unakula kama Sh 27,000. Nyumba iliyokuwa kwenye bei nafuu ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi itavuka mpaka huo, na matumizi ya jokofu na taa yatapanda bei pamoja nayo. Wengi wanashangaa "LUKU inaisha haraka" wakidhani mashine ni mbovu.

Hasara kubwa zaidi inaletwa na umeme mdogo, kuliko ule unaokatika. Jioni mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko, volti zinaweza kushuka hadi 180. Hita ya volti 220 ikipata 180 inatoa theluthi mbili tu ya nguvu yake. Kioo kitaendelea kuwaka, feni itazunguka, kila kitu kitaonekana kizima, na joto litakuwa 36.5 kuanzia magharibi hadi usiku wa manane. Vifaranga wanachelewa, wanatoka siku ya 22 wakiwa na matumbo makubwa laini. Stabilaiza yenye nguvu ya kutosha ni sehemu ya bei ya mashine. Usiihesabu kama nyongeza.

Umeme ukikatika kabisa, jambo la kwanza ni kutofungua mlango. Yai huvumilia ubaridi kuliko joto. Saa mbili au tatu za kupoa taratibu katika wiki mbili za kwanza huchelewesha tu, nyuzi 40.5 kwa saa chache huua. Funika kabati kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi. Kuanzia siku ya 18 mambo yanageuka: vifaranga wenyewe wanatoa joto na wanahitaji hewa, na feni imesimama, kwa hiyo hapo utafungua mlango kidogo kila baada ya muda ili hewa ibadilike.

Betri moja ya volti 12, Ah 100, ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, na inveta inakula sehemu yake, kwa hiyo unabaki na kama 500. Gawanya kwa 150: saa tatu na kitu. Ukitaka usiku mzima, betri tatu au jenereta ndogo. Inveta iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Zile za bei rahisi zinaifanya mota ya kugeuza ingurume bila kuzunguka na kuipasha moto.

Kuna ubovu mmoja ambao ni lazima ujikinge nao tangu siku ya kwanza. Swichi ya ndani inayowasha hita inaweza kung'ang'ania ikiwa imewaka. Kengele inalia, lakini kama umelala chumba kingine au uko kazini, mayai yote yamekwisha kufikia asubuhi. Mwambie fundi aunge thermostati ndogo ya pili, mfululizo na hita, iliyowekwa kukata nyuzi 38.6. Ni kazi ya nusu saa na kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na mayai 528.

Siku 21 zenyewe

Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa. Baada ya hapo kila siku ya kuyaweka inapunguza utotoaji na kuongeza kama saa moja kwenye muda wa kuatamia. Yakiwa yamesafiri kwa basi, yapumzishe siku nzima yakiwa yamesimama, ncha nyembamba chini, kabla ya kuyaingiza. Usioshe yai chafu. Liache la kula. Ukiliosha kwa maji baridi, uchafu unavutwa kuingia ndani kupitia vitundu vya ganda.

Siku ya 7 zima taa, weka tochi ya simu kwenye tundu la ukubwa wa shilingi kwenye kipande cha boksi, na uegeshe yai hapo, upande mpana chini. Yai lenye uhai linaonyesha doa jeusi linalotikisika na mishipa myekundu iliyotanda kama buibui. Lisilo na mbegu ni angavu kote, kiini kinaelea kama kivuli cha njano. La tatu ni lile lenye duara nyekundu kama pete iliyochorwa kwa kalamu: kiinitete kilianza, kikafa siku za mwanzo. Pete zikiwa nyingi, chunguza umri wa mayai na misukosuko ya safari kabla hujailaumu mashine. Yaliyo angavu yakiwa mengi, tatizo liko kwa majogoo wa aliyekuuzia. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 ndio uwiano unaofaa. Anayekuuzia mayai ya mbegu mwombe akuonyeshe banda.

Toa mabovu yote. Yai lililooza likipasuka ndani linanyunyiza uozo kwenye trei nzima, na harufu hiyo utaijua hata ukiwa sebuleni. Rudia tochi siku ya 14. Siku ya 18 zima kugeuza, hamisha mayai kwenye vikapu, pandisha unyevu, funga.

Na hapo funga kweli. Siku ya 20 utasikia sauti ndogo kabla hujaona kitu. Kisha ganda linapata ufa wa ukubwa wa punje ya mchele, na kifaranga anaweza kukaa hivyo saa 12 hata 20 bila kuendelea. Anamalizia kunyonya kiini na damu ya utando. Mtu mwenye huruma anafungua mlango amsaidie. Unyevu unashuka kutoka 68 hadi 40 kwa sekunde chache, na utando unakauka na kuwabana wale wengine thelathini waliokuwa wametoboa. Vifaranga waliokufa wakiwa wametoboa ganda na kunata, mara nyingi chanzo chake ni mlango huo. Waliotoka wanaweza kukaa ndani siku nzima bila chakula, kiini kilichomo tumboni kinawatosha saa 48 hadi 72. Watoe kwa mkupuo mmoja, wengi wakiwa wamekauka.

Soma matokeo kama ripoti. Wametoka siku ya 19 na nusu, wadogo, vitovu havijafunga: joto lilizidi. Waliokufa wamevimba na maji bila kutoboa: unyevu ulizidi wiki za mwanzo. Waliokufa wote wako trei moja: rudi kwenye vile vipimajoto vitatu.

Hesabu ya mshahara

Usijaze trei sita siku moja. Weka trei mbili, mayai 176, kila wiki. Wiki ya kwanza trei mbili, ya pili mbili, ya tatu mbili. Kundi la kwanza linahamia kwenye kabati la kutotoleshea siku ya 18, na siku ya 22 trei zake zinapokea mayai mapya. Unakuwa na vifaranga kila wiki, wateja wanazoea siku yako, na mayai yaliyokaa siku nyingi, ambayo hutoa joto, yanayapasha mapya. Ndiyo maana kabati la pili dogo la vikapu, la mayai 180 hivi, ni la lazima. Siku moja ya Mungu huwezi kuwa na unyevu wa 53 na wa 68 ndani ya kabati moja.

Tuchukue bei za mfano. Weka za kwenu. Yai la mbegu la chotara Sh 500, kifaranga wa siku moja Sh 1,500. Mayai 176 yanagharimu Sh 88,000. Asilimia 85 yana mbegu: 150. Asilimia 80 ya hayo yanatotoa: 120. Toa watano dhaifu, unauza 115, Sh 172,500. Umeme wa wiki Sh 9,000, chanjo, maboksi na nauli tuseme Sh 15,000. Kilichobaki ni Sh 60,500 kwa wiki, kama Sh 260,000 kwa mwezi, kabla ya kodi ya chumba na bila kujilipa wewe.

Sasa shusha mbegu kutoka asilimia 85 hadi 60, jambo linalotokea mara kwa mara kwa mayai ya kuokoteza. Unapata vifaranga 80 wazima, Sh 120,000. Gharama ni zilezile Sh 112,000. Wiki nzima ya kuamka usiku imekuachia Sh 8,000. Mashine haijakosea chochote.

Kinachobadilisha picha ni kuwa na wazazi wako mwenyewe. Kwa mayai 176 mazuri kila wiki unahitaji mitetea 60 inayotaga nusu kwa siku, na majogoo 6 au 7, ukijua kwamba mayai kama 30 utayatenga ya kula. Wanakula kama kilo 8 kwa siku. Chakula kikiwa Sh 1,000 kwa kilo, ni kama Sh 55,000 kwa wiki, na mayai ya kula yakirudisha Sh 9,000, yai la mbegu linakugharimu kama Sh 260 badala ya 500. Faida inapanda hadi Sh 102,000 kwa wiki, karibu Sh 440,000 kwa mwezi. Lakini kuku hao wanahitaji miezi mitano au sita ya kulishwa kabla ya yai la kwanza, na wakati huo wote mshahara ndio unaowalisha. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutokimbilia barua ya kuacha kazi.

Angalizo juu ya mbegu: kuku wa Kuroiler na Sasso ni machotara. Mayai ya hao uliowafuga nyumbani yatatotoa vifaranga wasiofanana, wengine wazito, wengine wepesi. Waite chotara, uwauze kwa bei ya chotara. Ukiwauza kwa jina la Kuroiler mteja atagundua wiki ya nane, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji habari hiyo haiishi.

Njia nyingine inayofaa sana kwa mwenye mtaji mdogo ni kutotolesha mayai ya watu kwa malipo. Lipisha kwa yai linaloingia, si kwa kifaranga anayetoka, kwa sababu mbegu si jukumu lako. Andika jina la mteja kwa penseli kwenye kila yai, na siku ya 7 mwite aone tochi kwa macho yake, mrudishie yaliyo angavu. Trei mbili kwa Sh 250 kwa yai ni Sh 44,000 kwa wiki bila kununua yai hata moja. Anza na hii. Utajifunza mashine yako kwa gharama ya umeme tu.

Mareks, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, huchanjwa siku ya kwanza, na chupa ya chanjo yake ya kawaida ni ya dozi 1,000. Ikishachanganywa inatumika ndani ya muda mfupi kisha inamwagwa. Mwenye vifaranga 115 anatupa karibu dozi 900. Wenye mashine ndogo wa eneo moja wanaweza kupanga siku moja ya kutotoa na kugawana chupa. Wanaofanya hivyo wanapunguza gharama sana. Kideri mchanje siku ya 7, Gumboro kuanzia kati ya siku ya 10 na 14, na umwandikie mteja tarehe hizo juu ya boksi. Boksi la vifaranga 100 liwe na vyumba vinne vya 25, wasije wakalaliana njiani.

Soko lina msimu. Chotara anachukua miezi mitatu hadi minne kufika sokoni, kwa hiyo wanaolenga Krismasi wanatafuta vifaranga Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Januari ada za shule zinamaliza hela na simu zinakaa kimya. Kifaranga asiyeuzwa siku ya tatu anaanza kukugharimu: chakula, joto la nyuzi 32 hadi 35, chanjo. Andaa bruda (sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga) ya 200 hata kama mpango wako ni kuuza wa siku moja tu.

Kuhusu barua yenyewe. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kutoa notisi ya siku 28, ambayo ni ndefu kuliko mzunguko mmoja wa mayai. Na fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyejiuzulu kwa hiari, usiliweke kwenye hesabu. Mashine hii inaweza kuendeshwa na mtu aliye kazini: inajigeuza, inajipasha, na ukipanga kuingiza mayai Jumamosi, siku ya 21 nayo inaangukia Jumamosi, uko nyumbani. Mtu mmoja wa kujaza maji na kusikiliza kengele mchana anatosha. Endesha hivyo angalau mizunguko minane, andika kila mzunguko mayai yaliyoingia, yenye mbegu, yaliyotoka, waliouzwa, na siku waliyouzwa. Daftari hilo likionyesha wiki nne mfululizo vifaranga wote wameondoka kabla ya siku ya tatu, hapo una biashara ya kuihesabia.

Vipuri navyo vinunuliwe siku ileile ya mashine, maana vitaharibika usiku na dukani ni asubuhi. Feni ndiyo ya kwanza kufa; manyoya ya vifaranga na unyevu vinakula bearingi zake, na utasikia mlio wa kukwaruza wiki moja kabla. Mota ya kugeuza inafuata, kisha sensa ya unyevu, ambayo mara nyingi haijafa bali imefunikwa na vumbi la manyoya na inarudi ikipulizwa kwa hewa. Weka feni moja, mota moja, hita moja na sensa moja ndani ya kopo lenye mfuniko juu ya kabati, pamoja na bisibisi ya nyota na picha ya waya za ndani uliyoipiga mashine ikiwa mpya.